Kompyuta za Wageni

Kanuni ile aliiandika mwenyewe, siku aliyokuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuuma Bi Nyaya Jumatatu asubuhi alipoikuta orodha mezani. Ingekuwa imeandikwa na mtu mwingine, angemlaani mtu huyo kwa raha zake, akanywa chai, siku ikaendelea.

Bi Nyaya halikuwa jina alilopewa na wazazi. Walimu walimbandika hilo kwa sababu hakuonekana popote bila nyaya: nyaya begani, nyaya mkobani, na kwenye harusi ya kaka yake alipovuta leso afute machozi, ilitoka pamoja na waya wa kipanya. Kazi yake ilikuwa kupanga na kutunza kompyuta za shule ishirini na sita za umma katika wilaya ile. Kwa cheo alikuwa kaimu mkuu wa kitengo cha teknolojia, na kitengo chenyewe kilikuwa yeye, meza moja, na stoo isiyo na dirisha. Ukaimu ule ulikuwa umetimiza miaka minne. Barua ya kumthibitisha ilishachapwa, imo kwenye droo ya Afisa Elimu, inasubiri saini siku ya Ijumaa baada ya kikao cha walimu wakuu.

Kikao hichohicho ndicho kingepitisha orodha. Kompyuta mpya arobaini zilikuwa zimefika, na kanuni ilisema hivi: shule iliyotunza vizuri ndiyo itakayoongezewa, na shule ambayo zaidi ya nusu ya kompyuta zake zimeharibika itanyang'anywa zote, wapewe wanaojua kutunza. Alipoiandika, miaka mitatu nyuma, alikuwa ametoka shule moja alikokuta panya wamezaa ndani ya kompyuta na skrini imegeuzwa kiti cha kuwekea ndoo. Mtu aliyeona hayo hawezi kuandika kanuni ya upole.

Juu kabisa ya orodha ilikuwa shule ya Mwalimu Kufuli: kompyuta ishirini na mbili, nzima ishirini na mbili, aongezewe ishirini. Chini kabisa ilikuwa shule ya mwisho wa barabara: kompyuta kumi na tano, nzima sita. Lori lingekwenda kuzichukua Jumamosi. Na mwalimu wa kompyuta wa shule hiyo ya mwisho alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake yuleyule wa harusi ya leso.

Hapo ndipo penye mtego. Akinyamaza, darasa la wifi linakufa. Akisema, wilaya nzima itaimba undugu, na barua iliyomo drooni itaota mbawa. Bi Nyaya alifunga faili, akachukua mkoba wa vifaa. Ilikuwa desturi kuhakiki idadi kabla ya kikao, basi angehakiki kwa macho yake. Kama kweli wifi ni mharibifu, lori liende, na undugu ukae nyumbani unakokaa.

Jumanne alianza kwa Mwalimu Kufuli. Mwalimu mkuu huyu alitembea na funguo kiunoni nyingi kuliko mlinzi wa gereza, ulimsikia kabla ya kumwona, na wanafunzi walimshukuru Mungu kwa kelele zile.

"Karibu, Bi Nyaya, karibu. Ila viatu, tafadhali."

Viatu vikabaki mlangoni. Chumba kilinukia dawa ya sakafu. Kila kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa pembeni, na Mwalimu Kufuli akavifunua kimoja kimoja kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Zile nailoni za kiwandani bado zilikuwa kwenye skrini. Herufi za kibodi ziling'aa. Bi Nyaya aliwahi kukisifia chumba hiki mbele ya wakuu wote, na akatoa picha yake ikabandikwa ofisini.

Safari hii alitaka jambo moja la ziada. Mashine zilikuwa na umri wa miaka mitatu, naye alihitaji kujua zimechoka kiasi gani ili apange za kubadilisha. Ndani ya diski ya kila kompyuta mna hesabu ya saa ambazo imewaka tangu itoke kiwandani, haifutiki wala haihongeki. Mafundi huitazama mashine ikiumwa. Kwa kuwa za hapa hazijawahi kuumwa, hakuwahi kuitazama.

Akafungua ya kwanza. Kumi na tisa.

Akafikiri programu imekosea. Akafungua ya pili: kumi na tisa. Ya tano: kumi na tisa. Akaketi, akahesabu kwa vidole. Yeye hukagua hapa mara mbili kwa mwaka, kila ukaguzi saa tatu. Kwa miaka mitatu, hizo ni saa kumi na nane. Saa moja iliyobaki ilikuwa ya siku ya uzinduzi, wageni walipokuja kupiga picha.

"Mwalimu," akasema taratibu, "wanafunzi huingia humu siku gani?"

"Wataingia," alijibu Mwalimu Kufuli, bila hata chembe ya aibu. "Kwanza tunawafundisha kwa ubao. Nimechora kibodi kubwa kabisa ubaoni, inapendeza. Watoto wana mikono michafu, Bi Nyaya. Wewe mwenyewe ulisema tutunze."

Alisema kweli. Bi Nyaya akavaa viatu vyake mlangoni akiwa ameona haya, ingawa hakuna aliyemcheka.

Jumatano akaenda mwisho wa barabara, shule ambayo kwa umbali wake alizoea kuikagua kwa fomu tu. Hata kabla ya kugonga mlango alisikia kelele za darasa: kubofya, kubishana, mtu akisema "toa mkono, zamu yangu." Wanafunzi walikuwa saba saba kwa kila kompyuta, na kompyuta zilizowaka zilikuwa sita, kama fomu ilivyosema. Wifi yake alisimama katikati, chaki sikioni, bisibisi mfukoni mwa gauni.

"Wifi, umekuja kama wifi au umekuja kama serikali?"

"Kama serikali."

"Basi serikali haipewi chai." Akawageukia wanafunzi. "Msimwogope. Nyumbani anamwogopa mama yake."

Darasa likacheka, na Bi Nyaya akacheka pia, ingawa alijiapiza asicheke. Kisha akaziona kibodi. Herufi zilikuwa zimefutika kabisa kwa kuguswa, na juu ya kila kitufe kilichofutika mtu alikuwa ameandika herufi upya kwa rangi nyekundu iliyong'aa. Akainamia. Ilikuwa rangi ya kucha.

"Usinitazame hivyo," wifi akasema. "Kaka yako ananiuliza mbona sipendezi siku hizi. Mwambie kucha zangu ziko shuleni."

Nyuma ya darasa zilipangwa zile tisa zilizokufa, kila moja na karatasi yake: siku iliyokufa, iliugua nini, na kiungo gani kimetolewa kikaokoa nyingine. *Feni yangu nimempa namba nne.* Bi Nyaya alisoma karatasi zote tisa. Kisha akafungua hesabu ya saa kwenye namba nne, kompyuta iliyopumua kwa feni ya marehemu. Elfu tano mia mbili na kumi na nne.

"Mchana baada ya vipindi mnafanya nini?"

"Wanakuja wa darasa la mitihani. Wakitoka, wanakuja wazazi wanaotaka kujifunza. Likizo pia hatufungi." Wifi akapunguza sauti. "Nilituma fomu, wifi. Kila moja ilipokufa nilituma. Tisa. Nilikuwa naomba diski na vile visanduku vya umeme vya ndani tu, vitu vidogo. Hazikufika?"

Zilifika. Bi Nyaya alizikumbuka zote, mwandiko wake na tarehe zake. Vipuri vilikuwa haba, naye akavipeleka kwanza kwenye shule zenye rekodi nzuri, kama kanuni ilivyotaka.

"Zilifika," akasema.

"Ukazifanyia nini?"

"Nilizihesabu."

Wifi hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alitoa chaki sikioni, akaiangalia kana kwamba hajui ni ya nini.

"Ungeandika nzima kumi na tano," Bi Nyaya akasema kwa unyonge. "Wenzako wanaandika hivyo hivyo."

"Nikiandika nzima, fundi nitamwita aje kutengeneza nini?" Akamshika mkono. "Nisikilize. Ijumaa usinitetee kwa sababu mimi ni wifi yako. Ukisema hivyo, nitahama wilaya. Watetee hawa kwa sababu wanastahili, au nyamaza."

Alhamisi alizunguka shule nne zaidi, na kila alikofika alifungua hesabu ya saa kabla hata ya kusalimia vizuri. Saa thelathini na moja. Saa ishirini na sita. Moja ilikuwa na mia nne, na mwalimu wake akaomba radhi kwa kuzichosha. Shule ya nne ilikuwa na elfu tatu na kompyuta mbovu nane, na mwalimu mkuu alizificha zile mbovu chooni ili mkaguzi asizione. Bi Nyaya alizitoa chooni kwa mikono yake. Akaandika kila namba, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyoiona kanuni yake ilivyofanya kazi: iliwatuza waliofunga milango, na iliwaadhibu waliofungua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini katika kisima hiki walitumbukia watoto, na yeye alisimama juu akishika rejista.

Mchana alipita kwa mama yake kula. Kabati la vyombo lilikuwa palepale sebuleni, na nyuma ya kioo glasi kumi na mbili zenye ukingo wa dhahabu, alizoziona tangu akiwa mtoto. Yeye na mama walikuwa wanakunywa maji kwenye vikombe vya plastiki.

"Mama, zile glasi zimewahi kuvunjika?"

"Hata moja! Miaka thelathini na nne." Mama alijibu kwa fahari iliyofanana kabisa na ya Mwalimu Kufuli.

"Na wewe umewahi kunywea?"

"Mimi?" Mama akashangaa kikweli. "Kwani mimi ni mgeni hapa?"

Bi Nyaya akaacha kijiko. Akainuka, akafungua kabati, akatoa glasi mbili, akaziosha, akajaza maji, akamwekea mama moja mbele. Mama aliitazama glasi, akamtazama binti yake, akaona uso ule haufai kubishana nao. Akanywa kwa tahadhari, mikono miwili.

"Maji ni yaleyale," akasema mwishowe. Lakini hakuirudisha glasi kabatini. Akaongeza mengine.

Ijumaa saa nne ukumbi ulikuwa umejaa walimu wakuu, mafaili na kikohozi. Afisa Elimu, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alikaa mbele na orodha, kalamu imeshafunguliwa. Bi Nyaya aliingia wa mwisho akisukuma toroli la vitabu, na juu yake kompyuta mbili alizoziazima shuleni kwa uhakiki. Moja ilikuwa nyeupe safi yenye nailoni. Nyingine ilikuwa imefungwa kamba kiunoni, na kibodi yake ilikuwa na madoa mekundu.

"Bi Nyaya, kikao hiki si cha matengenezo," Afisa Elimu akasema.

"Najua, bosi. Naomba dakika kumi kabla hujasaini."

Akaziwasha zote mbili, akaunganisha na projekta, na namba mbili zikatokea ukutani: 19 na 5,214. Akaeleza ni namba za nini. Akaeleza saa kumi na nane zilikuwa za nani. Kila mmoja akaanza kuhesabu za kwake kimoyomoyo, na wengi wakainamia mafaili.

Mwalimu Kufuli alisimama. Funguo zikalia.

"Kanuni ilisema tunza. Nimetunza. Nimefuta vumbi kwa mikono yangu, Jumapili nimekwenda kuangalia kama paa linavuja. Leo naletwa mbele ya wenzangu kama mwizi. Nimekosa nini?"

Alistahili jibu. Bi Nyaya alikuwa amejiandaa kwa siku nzima kubishana na kiburi, naye sasa alikuwa anamtazama mzee aliyeumizwa.

"Hujakosa kitu, Mwalimu," akasema. "Ulifanya ulichoambiwa, tena kuliko wote. Aliyekosa ni aliyekuambia."

"Na nani aliandika kanuni hii?" Afisa Elimu akauliza, akipekua ukurasa wa mwisho kutafuta saini.

Saini ilikuwa haisomeki vizuri. Kwa sekunde moja, na baadaye hakuwahi kujidanganya kuhusu sekunde hiyo, Bi Nyaya aliifikiria barua iliyo drooni.

"Mimi," akasema. "Niliiandika mimi, miaka mitatu iliyopita. Nilipima kompyuta nikasahau watoto. Shule iliyotumia ikaharibikiwa, ikaniletea fomu, nami nikazifanya fomu hizo kuwa alama mbaya. Na kabla hamjaulizana pembeni: ndiyo, mwalimu wa hii yenye rangi ya kucha ni wifi yangu. Msiniamini mimi. Hesabu ya saa iko ndani ya mashine zenu, nitampa kila mmoja njia ya kuifungua, akasome mwenyewe leo hii."

Kutoka nyuma mtu alinong'ona, "Undugu huo." Bi Nyaya akaisikia, akaimeza, akaendelea. Akasema anachotaka: lori la Jumamosi lisiende. Kompyuta mpya zigawiwe kwa saa za kutumika. Fomu ya ubovu isiwe kosa, iwe kazi yake yeye, na kila fomu ijibiwe ndani ya siku kumi. Na shule zenye saa chache zisinyang'anywe kitu, zipewe mwaka mmoja wa kufungua milango.

"Zikivunjika?" Afisa Elimu akauliza.

"Zitavunjika, bosi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitazitengeneza."

Afisa Elimu alizitazama tena namba mbili ukutani. Kisha akakunja orodha mara mbili, akaipasua. "Lete nyingine Jumatatu," akasema. Wengine walipokuwa wanatoka alimwita ofisini kwake, akavuta droo, akaitoa ile barua, akaipima mkononi kana kwamba ina uzito.

"Umefanya vizuri leo. Lakini siwezi kumthibitisha mtu siku aliyokiri kosa la miaka mitatu. Watasema nini?"

"Naelewa, bosi."

Alielewa, na iliuma vilevile. Alisukuma toroli hadi stoo, akafunga mlango, akalia kidogo gizani kati ya maboksi arobaini. Kisha akapangusa uso, akawasha taa, akaanza kuandika namba za shule kwenye maboksi. Kumi na mbili zilikuwa za mwisho wa barabara.

Miezi minane ikapita. Bi Nyaya alikuwa bado kaimu, na ukutani kwake palikuwa na fomu za ubovu mia moja na zaidi, kila moja na tarehe ya kuingia na tarehe ya kutengenezwa. Mbili tu zilivuka siku kumi, na hizo mbili zilimnyima usingizi. Shule ya Mwalimu Kufuli haikuwa imeleta fomu hata moja. Alikuwa ameshakata tamaa naye.

Asubuhi moja akasikia funguo kwenye korido. Zilikuwa zimepungua, sauti ilikuwa nyepesi. Mwalimu Kufuli aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akatoa kitu kwenye mfuko wa rambo, akakiweka mezani kwa heshima ya mtu aliyeleta habari ya msiba.

Ilikuwa kibodi. Kitufe kikubwa cha chini kilikuwa kimekatika. Herufi tano zilikuwa zimefutika.

"Nimekuja kuripoti uharibifu," akasema, akitazama dirishani.

"Wa kompyuta ipi, Mwalimu?"

"Namba tatu. Ile iliyokuja kwenye kikao." Akakohoa. "Ina saa elfu moja na arobaini. Nimeisoma leo asubuhi. Naisoma kila Jumatatu." Kisha, akishusha sauti: "Wifi yako anatumia rangi gani? Niliazima ya mke wangu, inabanduka baada ya siku mbili, na mke wangu naye amekuwa mkali."

Bi Nyaya aliuma mdomo ili asicheke. "Nyekundu. Anapaka mara mbili, ya kwanza ikauke. Keti, Mwalimu, tujaze fomu."

Mwalimu Kufuli akaketi, akavaa miwani, akajaza kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: jina la shule, namba ya kompyuta, tarehe. Alipofika kwenye *Sababu ya kuharibika* kalamu ilisimama. Akaangalia kibodi, kisha akaandika neno moja, akamsukumia karatasi.

*Imetumika.*

Bi Nyaya alilisoma mara mbili. Akagonga muhuri, akainuka, akaenda stoo kumletea nyingine.